Dai la bima ya maisha lililokwama kwa mnufaika aliyetangulia kufa

Kisa hiki ni cha familia ya Kisumu. Majina, mtaa, kampuni, hospitali na mwaka vimeondolewa. Siku zinazotajwa zimehesabiwa kuanzia siku ya kifo. Tumekichagua kwa sababu fedha zilistahili kulipwa tangu mwanzo, na bado zilichukua zaidi ya mwaka mmoja kufika zote.

Usuli

Marehemu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu wa jua kali, aliyefariki akiwa na miaka 42. Miaka 4 na miezi 8 kabla ya hapo alichukua bima ya maisha ya miaka 15 yenye akiba ndani yake: akifa kabla ya muda familia hulipwa, akifika mwisho hulipwa mwenyewe. Kiasi cha bima kilikuwa Sh1,200,000, na juu yake bonasi ya kila mwaka. Alikuwa akilipa Sh8,100 kila mwezi kwa M-Pesa. Hakupimwa na daktari. Kwa umri na kiasi hicho, kampuni ilitosheka na maswali ya afya kwenye fomu ya maombi, na pale alijibu kwamba hana presha, kisukari wala ugonjwa wa moyo.

Kwenye sehemu ya wanufaika aliandika watu wawili: mama yake mzazi asilimia 50, na mwanawe wa kiume, aliyekuwa na miaka 4, asilimia 50. Mkewe hakuandikwa. Mwaka uliofuata akazaliwa binti. Baadaye, miaka 2 kabla ya kifo chake mwenyewe, mama yake akafariki. Fomu haikuguswa hata mara moja. Ilhali kwa kampuni alifika: alienda kuchukua mkopo wa Sh80,000 juu ya bima hiyo akanunulia mashine ya kuchomelea. Siku hiyo alikuwa amesimama mbele ya kaunta ileile inayotoa fomu za kubadilisha wanufaika.

Kampuni hutafuta mambo matatu

Sheria ya Bima ya Kenya, Sura ya 487, kifungu cha 203, inaipa kampuni siku 90 kulipa dai lililoripotiwa. Wengi wanaijua hiyo 90 na kuishia hapo. Hesabu yenyewe imefungwa na mambo matatu: kampuni ikubali kwamba inadaiwa, kiasi kijulikane, na mtu wa kulipwa atambuliwe. Moja likikosekana, kampuni ina sababu halali ya kukaa na fedha. Katika kisa hiki yote matatu yalikosekana, kila moja kwa wakati wake, na lililotesa zaidi ni la tatu.

Kutoka matangani hadi barua ya kwanza

Marehemu alizimia karakana, akalazwa, akafariki siku ya pili kwa kiharusi. Hospitali ilijaza fomu ya D1, ambayo ndiyo ya vifo vya hospitalini (kifo cha nyumbani huandikwa na naibu wa chifu kwenye D2), familia ikapata kibali cha mazishi, akazikwa nyumbani kwao kaunti jirani.

Mjane hakujua kwamba bima ipo. Siku ya 11 alifungua ujumbe kwenye simu ya marehemu: "Malipo ya bima yako yamechelewa." Akaipigia simu nambari ya ajenti, kumbe ajenti alishaacha kazi. Akaenda mwenyewe tawi la mjini. Si kila familia hupata ujumbe kama huo. Aliyefiwa asiyejua kama kulikuwa na bima anaweza pia kupiga *361#, ya UFAA, mamlaka iliyoundwa kwa sheria ya 2011 kushika fedha zisizodaiwa. Lakini pale zitaonekana tu zile ambazo kampuni imeshazikabidhi, kwa hiyo bima ya marehemu wa juzi haitakuwepo. Kwa kifo cha karibuni, pekua simu, taarifa za benki na bahasha za risiti.

Siku ya 19 mjane aliripoti kifo kwa maandishi akiwa na nakala ya kibali cha mazishi tu. Cheti cha kifo hakikuwa kimetoka, na mkataba wenyewe hakuupata. Jirani alimshauri asubiri mpaka karatasi zitimie. Alikataa, na alifanya vyema: barua yake ilipigwa mhuri wa kupokelewa, akabaki na nakala, na tangu siku hiyo hakuna aliyeweza kusema kwamba dai lilichelewa kuletwa. Kwa mkataba uliopotea, kampuni ilitaka abstrakti ya polisi (karatasi inayoonyesha kwamba upotevu umeripotiwa) na hati ya kiapo, ikatoa nakala nyingine.

Jambo moja la kuzingatia hapa kabla ya kuendelea. Cheti cha kifo kinapoombwa, kitambulisho halisi cha marehemu hurudishwa serikalini. Piga nakala tano au sita kwanza na zithibitishwe. Familia hii ilibaki na nakala moja iliyofifia, na kila ofisi iliyofuata iliilalamikia. Jina la ubatizo nalo lilikuwa limeachwa kwenye D1, kwa vile aliyetaja majina mochari ni binamu aliyemjua kwa jina la nyumbani. Liligunduliwa kabla cheti hakijachapishwa, likarekebishwa kwa nakala hiyohiyo ya kitambulisho. Lingegunduliwa baadaye, ingekuwa safari nyingine ya viapo.

Siku ya 27 ikaja barua ya kampuni. Ilikuwa na maswali mawili.

Swali la kwanza: ada iliyoonekana haikulipwa

Ada ilitakiwa kila tarehe 5, na mkataba ulitoa siku 30 za msamaha. Kifo kilitokea tarehe 22. Mwezi wa kifo haukuwa umelipiwa, na hilo halikuwa tatizo kwa sababu siku 17 zimo ndani ya msamaha. Tatizo ni kwamba mfumo ulionyesha mwezi uliotangulia nao haukulipiwa, yaani zaidi ya siku 40. Kwa hesabu hiyo bima ilikuwa imeshakatika. Bima iliyolipiwa zaidi ya miaka 3 haipotei yote. Kwa mkataba huu ingeshushwa kulingana na miezi iliyolipwa: miezi 56 kati ya 180, chini ya Sh400,000 kabla ya kukata mkopo.

Jibu lilikuwa kwenye simu ileile. Ujumbe wa M-Pesa ulionyesha Sh8,100 zimetumwa tarehe 4, nambari ya pebili ni sahihi, ila kwenye nambari ya akaunti tarakimu mbili zilipishana: 47 ikawa 74. Fedha ziliingia kampuni zikakaa kwenye akaunti ya malipo yasiyo na mwenyewe. Mjane alipeleka nakala ya ujumbe wenye ile namba ya muamala ya herufi na tarakimu 10, na ndani ya siku 6 zikahamishiwa mahali pake.

Lililookoa hapa ni kwamba laini haikuwa imerudishwa wala simu kugawiwa. Shemeji, ndugu wa marehemu, alikuwa ameiomba simu hiyo siku ya tatu baada ya mazishi, mjane akamwomba asubiri. Ujumbe wa kawaida husomeka bila nambari ya siri ya M-Pesa, mradi simu ifunguke.

Swali la pili: "Presha, inajulikana, miaka 6"

Hili lilikuwa zito zaidi, na linastahili kuelezwa polepole kwa sababu huangusha madai mengi ya haki.

Muhtasari wa hospitali, karatasi moja iliyojazwa kwa kalamu ya buluu, ulikuwa na mstari kwenye sehemu ya historia ya mgonjwa: presha, inajulikana, miaka 6. Bima ilikuwa na umri wa miaka 4 na miezi 8. Ukiweka namba hizo mbili pamoja, maana yake ni kwamba marehemu alikuwa na presha alipoandika kwamba hana. Kampuni iliuliza kwa haki. Ni ugonjwa ambao ungebadilisha ada, au ungefanya apelekwe kwa daktari kwanza.

Miaka 6 ilitoka wapi? Mgonjwa aliletwa akiwa hana fahamu. Aliyeulizwa historia ni kaka yake, ambaye hakuishi naye. Alisema "kama miaka sita hivi." Lile "kama" na lile "hivi" havikuandikwa. Katika chumba cha dharura daktari hutafuta cha kumtibia mgonjwa, haandiki ushahidi, na makadirio ya ndugu mwenye hofu hugeuka ukweli wa karatasi.

Familia ilifikiria njia mbili. Ya kwanza, iliyoletwa kwa hasira, ni kumtafuta mtu hospitalini aandike muhtasari mwingine usio na mstari ule. Mjane aliikataa, na huu ndio uamuzi uliolinda dai zima. Kampuni ilikuwa tayari na nakala. Karatasi mbili zinazopingana zingegeuza swali la kawaida kuwa tuhuma ya ulaghai, na hapo hata yaliyo kweli hayaaminiki tena.

Njia ya pili ilikuwa kutafuta siku presha ilipogunduliwa. Marehemu alikuwa akichukua dawa kwenye kituo cha afya karibu na karakana. Kitabu chake cha kliniki kilipatikana kwenye sanduku la vifaa, kimechafuka kwa grisi, na ukurasa wa kwanza ulisomeka vizuri: mgonjwa mpya, 168/104, na tarehe. Tarehe hiyo ilikuwa miezi 14 baada ya bima kuanza. Kitabu cha mgonjwa pekee kingeweza kutiliwa shaka, kwa hiyo mjane aliomba kituo kwa maandishi kimpe nakala ya ukurasa wa rejista ya siku hiyo, iliyotiwa saini na mhuri na msimamizi wa kituo. Ombi liliambatana na kitambulisho chake, cheti cha kifo na barua ya chifu. Kisha daktari aliyemtibu hospitalini akaandika nyongeza, bila kufuta chochote, akieleza kwamba historia ilitolewa na ndugu na haikuthibitishwa kwa rekodi.

Mkataba pia ulikuwa na kifungu kwamba baada ya miaka 2 kampuni haiwezi kukataa kwa sababu ya jibu la fomu isipokuwa ithibitishe kwamba jambo zito lilifichwa makusudi. Mjane alikitaja kwenye barua yake, ila mwishoni. Kutanguliza kifungu hicho kungesikika kama kukiri kwamba jibu lilikuwa la uongo. Ushahidi wa tarehe ulikuwepo, nao ukatangulia.

Siku ya 74 kampuni iliandika kwamba inakubali deni.

Nusu ya mama

Hapo familia ilidhani safari imekwisha. Siku ya 80 shemeji aliandikia kampuni kwamba asilimia 50 ya mama ni ya watoto wote wa mama. "Mama alikuwa mama yetu sote," alisema kwenye kikao. Ni hoja yenye uchungu wa kweli, na mtu asiibeze. Lakini haki ya mnufaika huanza mwenye bima anapokufa. Mama alitangulia, hakuwa amepata kitu, na asichopata mtu hawezi kukirithisha.

Nusu hiyo huenda wapi basi? Hapa mikataba hutofautiana sana. Kuna inayosema sehemu ya mnufaika aliyekufa huenda kwa wanufaika waliobaki. Ungekuwa huo, mtoto angepata yote na hakuna mahakama. Mkataba huu ulisema sehemu hiyo hurudi kwenye mali ya mwenye bima. Kwa hiyo nusu moja ikawa mirathi, na kwa mirathi kampuni hailipi kwa barua ya chifu peke yake.

Nusu ya pili nayo ilikuwa ya mtoto wa miaka 9. Fomu haikutaja mdhamini wa kumshikia. Kampuni ilisema itakaa nayo hadi afikishe miaka 18, au iletewe amri ya mahakama.

Kwa karibu mwezi mzima nusu hizi mbili zilishughulikiwa kama faili moja, na zote zikalala. Wakili aliyeajiriwa siku ya 105 alizitenganisha. Kwa ya mtoto aliomba amri ya kumpa mama mamlaka juu ya fedha hizo kwa masharti: ziwekwe kwenye akaunti ya mtoto, zitumike kwa karo na matibabu tu. Amri ilitoka siku ya 170.

Kwa mirathi, barua ya chifu ndiyo ilikuwa kikwazo cha kwanza. Ile ya awali ilitaja ndugu wa marehemu miongoni mwa warithi, kwa sababu aliyeenda kuiomba ni shemeji. Chini ya Sheria ya Mirathi, Sura ya 160, akiwepo mke na watoto, ndugu hawamo kwenye mgawo. Chifu aliitisha kikao, wazee wa kijiji wakiwepo, barua ikaandikwa upya: mjane na watoto wawili. Kesi ikafunguliwa Mahakama ya Hakimu kwa fomu za mirathi za mahakama, ombi la P&A 80 na kiapo cha P&A 5, kisha tangazo kwenye Gazeti Rasmi la Serikali na siku 30 za pingamizi.

Kwa kuwa kuna watoto wadogo, kifungu cha 58 cha sheria hiyo hakiruhusu msimamizi wa mirathi awe mtu mmoja. Mjane alimpendekeza shemeji yuleyule awe wa pili. Jamaa wa upande wake walishangaa. Lakini msimamizi huapa, hutoa hesabu, na kila karatasi hupita mikononi mwake. Shemeji alipoona tarakimu zenyewe, pamoja na mkopo ambao hakuujua, pingamizi lilikwisha bila kufika mbele ya hakimu. Tusingeshauri hivyo mahali ambapo ndugu ameshaanza kuuza mali ya marehemu. Hapa aliyebishana alikuwa ametilia shaka tu.

Fedha zilivyotoka

Hesabu ya mwisho ilikuwa hivi: Sh1,200,000, kuongeza bonasi za miaka 4 Sh105,600, kutoa mkopo na riba yake Sh96,400, kutoa ada ya mwezi wa kifo Sh8,100. Zikabaki Sh1,201,100, kila nusu Sh600,550.

Hati ya kwanza ya kukiri malipo ilikuwa na bonasi za miaka 3, Sh79,200. Wakili aliomba mchanganuo wa mwaka kwa mwaka kabla ya saini, na Sh26,400 zilizosahauliwa zikaongezwa. Hati hiyo ikishatiwa saini humaliza dai, kwa hiyo mchanganuo uombwe hata kama namba inaonekana kubwa ya kutosha.

Nusu ya mtoto ililipwa siku ya 183. Ya mirathi ilingoja cheti cha usimamizi wa mirathi kithibitishwe na mahakama, jambo ambalo kwa kawaida huhitaji miezi 6 baada ya kutolewa ingawa kifungu cha 71 kinaruhusu mahakama kuharakisha kwa sababu nzuri. Hawakuomba kuharakishwa. Ililipwa siku ya 412. Mahakama iliridhia pendekezo la familia kwamba Sh400,000 ziwekewe binti, ambaye kaka yake alishapata nusu nzima kwa jina naye hakuwa kwenye fomu, na zilizobaki ziende kwa mjane. Gharama za wakili na safari zilimega sehemu yake.

Uchambuzi

Maswali ya ada na presha yaliisha ndani ya siku 47 tangu barua ya kwanza, kwa sababu majibu yalikuwa kwenye vitu: simu, kitabu, rejista. Swali la mlipwaji lilikula siku 338 baada ya deni kukubaliwa, kwa sababu aliyeweza kulijibu kwa sahihi moja alikuwa kaburini, na mahali pake ikabidi asimame hakimu.

Yaliyofaulu ni kuripoti mapema, kukataa kugusa rekodi ya hospitali, kuleta ushahidi kutoka chanzo zaidi ya kimoja, na kumleta mbishani ndani ya usimamizi. Yaliyoshindwa yalikuwa ya kuepukika: kumwachia mtu mmoja kwenda kwa chifu, kuchelewa kutenganisha nusu mbili, na kutoomba uthibitisho wa mapema. Watoto wadogo na karo iliyosimama ni sababu ambayo mahakama ingeisikiliza, na huenda miezi kadhaa ingeokolewa.

Kampuni nayo ina sehemu yake. Maswali yake yalikuwa halali, lakini ilituma la presha na la ada kwanza, na la wanufaika ikalitaja baada ya siku ya 74. Fomu yenye jina la mama mwenye umri mkubwa na mtoto mdogo ilikuwa kwenye faili tangu siku ya kwanza. Lingeulizwa siku ya 27, mirathi ingeanza miezi miwili kabla. Mdai anaweza kulilazimisha hili: kwenye barua ya kuripoti, aulize kwa maandishi nani ameandikwa, kwa asilimia ngapi, na kampuni itahitaji nini kumlipa kila mmoja.

Fomu ingeandikwaje

Kwa familia kama hii, mke angeandikwa kwa asilimia yake, kila mtoto kwa yake, na kila mtoto awe na mdhamini aliyetajwa kwa jina na nambari ya kitambulisho. Mama mzazi angeweza kubaki, huku akitajwa mtu wa kuchukua nafasi yake akitangulia. Fomu ikiwa haina nafasi ya mbadala, andika barua ya kuambatanisha na uombe kampuni ikujibu kwamba imeiingiza. Mabadiliko huhitaji fomu ya kampuni, nakala ya kitambulisho cha mwenye bima, vyeti vya kuzaliwa vya watoto na vitambulisho vya watu wazima. Baki na nakala yenye mhuri wa kupokelewa, na baada ya wiki mbili omba taarifa ya bima ili uone majina yamebadilika kwenye mfumo, maana fomu iliyokabidhiwa kwa ajenti hukaa wakati mwingine kwenye mkoba wake.